Matete ya ukingoni: kwa nini mengine yalizama na mengine yakahama pamoja na ziwa

Ukitoka Ujiji ukifuata ukingo kwenda kusini, kule uliko mdomo wa mto Luiche, Ziwa Tanganyika linabadilika sura. Mawe makubwa ya Bangwe na Katonga umeshayaacha nyuma. Huku ni tambarare: mchanga, tope, mashamba ya mpunga kwa nyuma, na mbele yake matete yaliyosimama miguu majini.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye ukingo tambarare wa namna hii, mkanda mmoja wa matete umekutana na maji yaliyopanda. Miaka michache baadaye sehemu ya mkanda imesogea upande wa nchi kavu na inastawi, machipukizi yake yamechongoka kama mikuki. Sehemu ya jirani, hatua thelathini tu kutoka hapo, imetoweka. Ukiingia majini unakanyaga visiki laini vilivyooza, na wimbi linapiga moja kwa moja kwenye tuta la shamba. Maji yalipanda sawasawa pande zote mbili, na udongo ni ule ule. Watu wengi husema ziwa limemeza matete. Sisi tunasema siyo, na ni muhimu kulisema hili waziwazi, kwa sababu aliyekosea kumtambua muuaji hawezi kupata dawa.

Tuanze na ziwa lenyewe. Tanganyika halijawahi kutulia. Kila mwaka linaanza kupanda na mvua za Novemba, linafika kilele karibu na Mei, kisha linashuka mpaka Oktoba. Tofauti kati ya kilele na kina cha chini ni nusu mita hadi mita moja. Huko ni kupumua kwake kwa kawaida. Juu ya hapo kuna mabadiliko ya miaka mingi, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke, na mto pekee unaoyatoa ni Lukuga, upande wa Kongo, karibu na Kalemie. Mizani ya mvua na jua ikiyumba kidogo tu, ziwa linaonyesha.

Watu wa Ujiji wameliona hili kwa vizazi. Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa habari, alipofika mara ya kwanza mwaka 1871 palikuwa na miti mitatu ya jamii ya mchikichi penye soko. Aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba miti hiyo sasa iko ndani ya ziwa. Wakati huo Lukuga ilikuwa imezibwa na tope na mimea. Mwaka 1878 kizibo kilikatika, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita 10 hivi. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zikalipandisha tena, likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari mwaka 1964. Likashuka pole pole, na mwaka 2005 na 2006 lilikuwa chini sana. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikaanza kulijaza, mwaka 2021 likaingia kwenye nyumba na mialo, na mwaka 2024 likaikaribia tena alama ya 1964. Kutoka ule ukame wa 2006 hadi kilele hiki ni zaidi ya mita 2.

Matete yamekuwepo muda wote huo. Mmea uliomudu ziwa kushuka mita 10 na kupanda tena hauuawi na mita 2 peke yake. Lazima kuna kitu kimeuondolea uwezo wake wa kuhama.

Chukua tete bichi, lipasue kwa urefu. Ndani ni uwazi, na kwenye kila kifundo kuna kiwambo chembamba. Uwazi huo si wa bure. Chini, kwenye tope, tete lina shina linalotambaa ardhini, ambalo wataalamu huliita rizomu. Ndilo linalotunza akiba ya chakula na kutoa machipukizi ya kila msimu. Tope la chini ya maji halina hewa. Lichimbe kwa jembe uone: ni jeusi na linanuka yai viza. Rizomu ingekufa humo kama isingeletewa hewa kutoka juu. Hewa huingia kupitia majani na mashina mabichi, ikasukumwa chini hadi kwenye rizomu, kisha ikatoka kupitia mabua makavu ya mwaka uliopita yaliyovunjika juu ya maji. Upepo ukipita juu ya mabua hayo huivuta hewa, kama bomba la moshi linavyovuta. Kwa hiyo yale mabua makavu ambayo mtu huyaona ni uchafu wa kukata ndiyo pua za shamba zima la matete.

Mpaka hapo jambo la kwanza linaonekana. Tete lililoshika vizuri huvumilia maji ya kina cha mita moja, na mahali patulivu hata zaidi, mradi ncha na mabua yapite juu ya maji. Maji yakipanda pole pole, chipukizi lenye akiba nzuri chini linaweza kukua hata sentimita 3 kwa siku kwenye joto letu. Ziwa likipanda kwa kasi yake ya kawaida ya masika, ni sentimita 8 hadi 17 kwa mwezi mzima. Tete linashinda mbio hizo bila kuhema. Lakini likikatwa chini ya maji, maji hujaa ndani ya kisiki kama kwenye mrija, njia ya hewa inazibika, na rizomu inakosa pumzi. Likiachwa hivyo kwa majuma kadhaa, akiba inaisha na kuoza kunaanza.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye sehemu iliyopotea. Vuta kisiki kimoja kutoka majini ukitazame karibu. Kimekatwa mshazari, sehemu moja safi, alama ya panga. Kikamue: maji yanatoka, yamechanganyika na tope. Fuata kisiki mpaka kwenye rizomu na uikate. Rizomu hai ni nyeupe au ya rangi ya krimu, ngumu kama muwa mchanga. Hii ni ya kahawia, inabonyea kidoleni, inanuka. Kwenye sehemu iliyopona utakuta mabua marefu makavu yamesimama katikati ya mabichi, na ukichimba pembeni rizomu ni nyeupe.

Kwa nini yalikatwa chini ya maji? Kwa nia njema kabisa. Matete ni ua, ni paa, ni vichanja vya kuanikia dagaa. Mkataji aliyezoea kukata akiwa kwenye tope la magotini alikuta maji yamefika kiunoni, akainama akakata palepale mkono unapofika. Wengine walikata juu ya maji kwa kiganja kimoja, lakini walikata Januari, na ziwa lilikuwa bado na miezi minne ya kupanda. Kilichokuwa juu ya maji siku ya kukata kilikuwa chini ya maji ilipofika Mei. Kuchoma nako huleta mwisho huohuo. Moto wa Septemba kwenye udongo wenye unyevu hauui rizomu, ila unaondoa mabua yote, na shamba linaingia masika bila pua hata moja.

Kanuni ni rahisi. Kata kuanzia Juni hadi Septemba, ziwa likiwa linashuka, na acha kisiki cha nusu mita juu ya maji. Ukilazimika kukata Desemba au Januari, acha mita moja nzima. Usikate eneo lote kwa mara moja: kata mstari mmoja, acha mmoja, ili mabua ya mstari ulioachwa yapumulie rizomu za pande zote mbili. Rizomu zimeungana chini kwa chini, na tete moja lililosimama linahudumia majirani zake.

Jambo la pili ni nafasi ya kurudi nyuma, na hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno mengi. Mteremko wa ukingo ukiwa mita 1 kwa kila mita 30, maji yakipanda mita 2, ukingo unahamia nchi kavu mita 60. Mteremko ukiwa mlalo zaidi, mita 1 kwa kila 100, ukingo unahama mita 200. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huiona sheria hiyo kama mzigo. Iangalie kwa macho ya tete: mita 60 ni ile ile nafasi linayohitaji kwenye mteremko wa 1 kwa 30 ili kuhama na ziwa la 2006 hadi ziwa la 2021. Na kwenye tambarare za Luiche mita 60 hazitoshi hata hivyo.

Sehemu iliyopotea ya kisa chetu ilikuwa na tuta la mpunga nyuma yake. Tuta hilo liliinuliwa zaidi maji yalipopanda, kwa mifuko ya mchanga. Mkulima alikuwa anaokoa chakula chake, na hakuna wa kumlaumu. Lakini matete yalibanwa katikati: mbele maji yanazidi kina, nyuma ukuta. Yakabaki pale pale mpaka yakazama. Kisha wimbi, ambalo awali lilikuwa likivunjikia ndani ya mita 20 za mabua, likaanza kulipiga tuta lenyewe. Tuta lililojengwa kuzuia maji likapoteza ngao yake ya mbele.

La tatu halikutajwa na mtu yeyote, na ndilo linalotuumiza zaidi, kwa kuwa kuliepuka hakugharimu hata senti. Matete hayahami kwa kutambaa tu. Rizomu hutembea mita moja au mbili kwa mwaka, haiwezi kufukuzana na ukingo unaorudi nyuma mita 60. Yanahama kwa njia nyingine mbili. Vipande vya mashina na rizomu vinavyovunjwa na mawimbi hutupwa na ziwa kwenye mstari mpya wa maji, na kila kifundo chenye uhai kinaweza kutoa mizizi. Mbegu nazo huota, lakini kwenye tope tupu lenye unyevu tu. Chini ya maji haziwezi. Kwa hiyo lile rundo la takataka linalolala ufukoni Mei na Juni, mabua, majani, vipande vilivyosokotana, ndilo kitalu. Kwenye upande uliopotea rundo hilo lilikusanywa kwa reki na kuchomwa kila mwaka ili ufuko upendeze. Upande uliopona, ambako hakuna mtu aliyejali kufagia, machipukizi ya kwanza yaliota ndani ya takataka hizo hizo. Plastiki na nyavu zilizochakaa ziondolewe, ndiyo. Mabua yaachwe.

Sasa tuingie chini ya maji, mahali macho ya wengi hayafiki. Mbele ya matete, kuanzia kina cha mita moja kwenda chini, kuna mimea inayoishi majini kabisa. Mmoja ni Vallisneria, wenye majani marefu membamba kama utepe yanayolala na kuinuka kwa kufuata wimbi. Mwingine ni Ceratophyllum, usio na mizizi ya kweli, ambao huelea katikati ya maji kama mkia wa paka. Humo ndimo wanamokulia sangala wachanga kabla hawajatoka kwenda maji ya kina kirefu kuwafuata dagaa. Mvuvi anayevuta kokoro juu ya mimea hiyo anang'oa chumba cha watoto wa samaki atakaowatafuta baada ya miaka michache. Kokoro limekatazwa kisheria, na hii ni sababu mojawapo.

Mimea hii hujirekebisha kwa namna mbili: kurefusha majani kuifuata nuru, na kuhamia sehemu isiyo na kina kirefu. Ndivyo ufanyavyo pia ule mwani mkubwa wa bahari za baridi uitwao kelpu, unaojulikana kwa kuota kama msitu kutoka sakafu ya bahari hadi juu. Kwetu Afrika Mashariki haupo. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, wa maji ya joto. Kusini mwa Afrika, kelpu huota Namibia na Afrika Kusini, na aina ya California inaweza kurefuka hata nusu mita kwa siku. Unahama pia: mwaka 2006 kelpu ya Afrika Kusini ilionekana De Hoop, kilomita 70 hivi mashariki ya mpaka wake wa zamani wa Rasi Agulhas, baada ya maji ya huko kupoa.

Lakini kelpu hiyohiyo inatufundisha jinsi msitu unavyoanguka. Kaskazini mwa California ugonjwa uliwaua viti vya pweza, wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, kuanzia mwaka 2013, wakiwemo wale wakubwa wanaokula wanyama wa duara wenye miiba ambao nao hula kelpu. Kisha kati ya 2014 na 2016 maji yalipata joto lisilo la kawaida. Maji ya joto juu ya bahari huwa hayana nitrati ya kutosha, kwa sababu maji baridi ya chini yenye virutubisho hayapandi. Kelpu ikawa na njaa wakati walaji wake wameongezeka. Zaidi ya asilimia 90 ya msitu ilipotea kwenye ufuko wa kilomita 350 hivi. Joto peke yake au walaji peke yao, kelpu imewahi kuyamudu. Viwili kwa pamoja vilizidi.

Ziwa letu lina njaa ya namna hiyohiyo. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto limezidisha mpaka kati ya maji ya juu na ya chini, virutubisho vya vilindini vinapanda kwa shida, na uzalishaji wa ziwa umepungua. Hilo hatuwezi kulizuia kutoka Kigoma. Tunachoweza kuzuia ni mzigo wa pili, nao ni tope.

Milima ya nyuma ya mji na vijiji vya mwambao imekatwa miti kwa ajili ya mkaa na mashamba ya mihogo, na kwenye mteremko mkali mvua moja ya Machi huteremsha udongo mwekundu mpaka ziwani. Tope hufanya mambo mawili kwa pamoja: linapunguza nuru, na linalala juu ya majani. Mmea uliozamishwa mita 2 zaidi na ziwa lililopanda unahitaji maji meupe kuliko zamani ili uishi palepale. Ukipewa maji mekundu, umebanwa juu na chini. Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba pale ambapo ardhi ya nyuma imemomonyoka, aina za viumbe vya ukingoni mwa Tanganyika ni chache kuliko pale penye misitu. Kwenye mawe ya Bangwe na Katonga hadithi ni fupi: mwamba uliozamishwa jana unavaa utando wa mwani ndani ya majuma machache, na samaki wa mawe, akina Tropheus na Petrochromis, wanapanda kuufuata. Tope likilala juu ya utando huo, wanakula mchanga badala ya chakula.

Kupima weupe wa maji hakuhitaji maabara. Chukua kifuniko cha ndoo cha upana wa sentimita 20 hadi 30, kipake rangi nyeupe, robo mbili zinazokabiliana zipake nyeusi. Toboa katikati, funga kamba yenye fundo kila nusu mita, na chini yake jiwe la kilo moja au mbili ili kishuke wima. Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ukiwa upande wa kivuli wa mtumbwi. Shusha mpaka kipotee machoni, andika kina. Kipandishe mpaka kionekane, andika tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio weupe wa siku hiyo. Rudia kila juma mahali palepale. Kisha tafuta mmea wa chini kabisa ulioota na upime kina chake. Mmea huo ukizidi kusogea juu mwaka hadi mwaka huku ziwa limetulia, tatizo ni tope, na dawa iko mlimani: matuta ya kufuata kontua, yaani kukata mteremko kwa usawa mmoja, mistari ya nyasi za vetiva, miti kwenye vijito. Kupanda chochote majini kabla ya hapo ni kupoteza nguvu.

Kurudisha matete yenyewe kunawezekana, na tunaeleza kwa undani kwa sababu tumeona juhudi nyingi nzuri zikifa kwa kosa dogo.

Miche itoke kwenye matete ya ukingo huohuo, yaliyosongamana, na usichimbe zaidi ya bonge moja kwa kila mita ya mraba. Bonge la upande wa sentimita 25, kina cha sentimita 20, liwe na rizomu nyeupe zenye macho angalau matatu na mashina mawili au matatu yaliyosimama. Usiyakate mashina hayo yakawa mafupi kwa ajili ya kubeba, ni pua. Funga bonge kwa gunia lililoloweshwa na ulipande siku hiyohiyo. Rizomu iliyokaa juani nusu siku huonekana nzima lakini macho yake yamekauka.

Panda Juni hadi Agosti, kwenye tope ambalo maji yameliacha ndani ya mwezi uliopita, au penye maji yasiyozidi sentimita 5. Umbali wa nusu mita kwa nusu mita ni mabonge 4 kwa mita ya mraba. Mkanda wa upana wa mita 2 na urefu wa mita 50 unahitaji mabonge 400. Ukiwa na watu wachache, panda kwa mita moja, mabonge 100, na ukubali kusubiri msimu mmoja zaidi. Mistari ipishane ili wimbi lisipate njia ya moja kwa moja. Zika bonge mpaka uso wake uwe chini ya tope kwa vidole viwili, na ulikanyage likaze.

Mahali panapopigwa na wimbi, mita 2 au 3 mbele ya mstari wa kwanza simika fito za mita 1.5, nusu mita ardhini, na ufume matawi makavu katikati yake. Kazi ya uzio huo ni kupunguza nguvu ya wimbi, usijaribu kulizuia kabisa. Uzio usiopitisha maji hung'olewa wiki ya kwanza. Acha mlango wa mita 3 kwa mitumbwi, nao uelekezwe mshazari.

Yanayoharibika ni haya, kwa mfuatano wa kawaida. Upepo wa Julai na Agosti hung'oa mabonge ambayo hayakukanyagwa. Ziwa linaposhuka haraka, mstari wa nyuma hubaki kwenye mchanga mkavu. Mstari huo unahitaji ndoo za maji kwa wiki tatu za mwanzo, la sivyo unakufa ilhali ziwa liko mita 10 mbele. Mbuzi hula machipukizi, na tete lililoliwa mara tatu mfululizo halina akiba ya kuingilia masika. Aliyechelewa akapanda Novemba huzamisha miche yake: bonge lililohamishwa halina nguvu za tete lililokomaa, na haliwezi kufukuzana na maji kwa miezi miwili ya mwanzo. Mwaka wa kwanza hakuna kukata hata tete moja.

Kuna pingamizi la haki linalotolewa kwenye mikutano ya vijiji, hasa na akina mama, nalo lisipuuzwe. Matete huficha mamba. Na kwenye maji matulivu yenye mimea huishi konokono wanaobeba kichocho, ugonjwa ambao Kigoma unajulikana vizuri. Kwa hiyo usipande karibu na mahali pa kuchotea maji, kufulia au kuogea watoto. Eneo hilo libaki wazi kabisa, lenye wimbi na mchanga. Chagua kwanza maeneo ya mbele ya mashamba na midomo ya vijito, ambako matete huchuja tope na watu hawaingii majini kwa kazi za kila siku. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo na serikali ya kijiji wachore mipaka hiyo kwa pamoja kabla bonge la kwanza halijachimbwa.

Kufuatilia kunahitaji kamba ya mita 50, fremu ya fito ya nusu mita kwa nusu mita, na daftari. Simika nguzo yenye alama za kila sentimita 10 mahali pasipogongwa na mitumbwi, uisome kila Jumatatu. Tandaza kamba kutoka nchi kavu kuingia majini, weka fremu kila mita 5, na uhesabu mashina ndani yake kwa makundi matatu: mabichi, makavu yaliyosimama, na yaliyokatwa. Zidisha kwa 4 upate idadi ya mita ya mraba. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Mei. Hesabu ya Mei ndiyo yenye uzito, kwa sababu maji yako kileleni: kwenye kila fremu angalia ni mashina mangapi, mabichi na makavu, yamepita juu ya maji. Fremu isiyo na hata moja lililopita juu iwekee alama ya kitambaa kwenye kamba, urudi hapo Julai na jembe, uchimbe, na uikate rizomu uone rangi yake. Ikiwa nyeupe, liache eneo hilo lipumzike bila panga mpaka Mei inayofuata. Ikiwa ya kahawia, panda upya, mita chache nyuma zaidi.